Malaba au Busia? Mwongozo kwa Fundi wa Swichi Pepe

Fundi mwenzangu wa Kwapa, umeitwa kazini Malaba. Wakala wa forodha kanunua seva yenye kadi mbili za mtandao, na ndani yake umeweka mashine pepe nne: ya hesabu, ya mafaili, ya barua pepe na ya nyaraka za mizigo. Sasa VMware inakuuliza mzigo wa mtandao ugawanywe vipi. Hapa ndipo wengi huchagua jina linalosikika la kisomi kuliko mengine. Tafadhali, usiwafuate.

Sisi tumekulia kwenye malori, basi tutumie malori. Mzigo wa Mombasa unaokwenda Kampala una malango mawili ya kuingilia, Malaba na Busia, na kila chaguo la swichi pepe ni njia ya kuamua lori lipite lango gani.

Lile unalolikuta limeshawekwa hufuata tundu la swichi pepe. Mashine ikiwaka hupewa lango lake na kubaki nalo, foleni iwe ndefu au fupi. Halidai chochote kwenye swichi ya chuma. Kwa ofisi ndogo za mpakani linatosha kabisa. Kugawa kwa anwani ya MAC hakukuongezei kitu, lipite.

Kugawa kwa anwani za IP ndiko kunakoumiza watu. Lango huamuliwa kwa kumtazama mtumaji na mpokeaji pamoja: jozi ileile, lango lilelile. Kwa hiyo nakala ya akiba ya usiku, kutoka mashine moja kwenda kwenye diski moja ya mtandao, itapita kebo moja hata ukichomeka nne. Tena swichi ya chuma lazima nayo iunganishe matundu yake kuwa kundi moja, kile Cisco wanachokiita EtherChannel. Kiswichi cha bei nafuu kisicho na mipangilio hakiwezi. Ukilazimisha, kitaiona anwani moja mara tundu la tatu, mara la nne. Karani atalalamika kuwa mfumo unakuja na kupotea, nawe utamaliza siku ukibadilisha kebo ambazo ni nzima.

Lipo pia la kupima msongamano wa kadi. Kadi ikizidi asilimia 75 ya uwezo wake kwa sekunde 30, mashine mojawapo huhamishiwa lango la pili. Ni zuri kweli, na lipo tangu vSphere 4.1 ya mwaka 2010, ila hufanya kazi kwenye swichi pepe ya kusambazwa tu, na hiyo hudai leseni ya daraja la juu. Mwenye seva moja usimtwishe gharama hiyo.

Ninaloliogopa zaidi si foleni, ni lango kufungwa bila seva kujua. Kwa kawaida swichi pepe hutazama tu kama tundu la jirani lina uhai. Panya akikata kebo inayotoka kwenye swichi kwenda kwenye ruta, taa ya upande wa seva hubaki kijani, na seva huendelea kutuma data isikofika. Na umeme ukirudi baada ya kukatika, swichi inaweza kuwasha taa za matundu kabla haijaanza kupitisha data. Seva hukimbilia kadi yake ya kwanza na kukwama hapo. Ndiyo maana mimi huzima ule mpangilio wa kurejea kwenye kadi ya kwanza.

Kisha jaribu. Ofisi ikishafungwa, acha ping ikienda, chomoa kebo ya kwanza, irudishe, subiri, chomoa ya pili. Mwisho zima swichi nzima. Kama kebo zote mbili zimeingia kwenye swichi moja, iliyochomekwa kwenye ekstensheni moja, ping itakufa hapo hapo, na hakuna chaguo kwenye orodha ile litakaloifufua.

Mteja akiwa na pesa ya kitu kimoja tu, mnunulie swichi ya pili yenye chanzo chake cha umeme, na chaguo la kugawa mzigo liache lilivyokuja.