Hotuba Adhimu Juu ya Kompyuta Izimikayo Yenyewe Mchezo Ukiwa Mtamu

Waheshimiwa wa Nachingwea, nanyi mliopanda bodaboda tangu Ruangwa kuja kunisikiliza, akina mama, mabwana, vijana wa mabanda ya gemu, na watoto mlioambiwa mkae kimya: ama baada ya salamu, na baada ya kumshukuru Mola aliyenijaalia fahamu ambazo, nasema haya kwa unyenyekevu nilionao kupita watu wote wa mkoa huu wa Lindi, hakuzigawa kwa wengi, nasimama mbele yenu kuitoa hotuba hii juu ya maradhi ya kompyuta ya michezo, ile ambayo huwaka kwa fahari, ikavumisha feni zake, ikamfikisha mchezaji dakika ya 89 akiwa mbele kwa bao moja, kisha ikazima pasi na kuaga.

Huenda yumo kati yenu atakayeuliza nimesomea wapi. Swali hilo ni la watu wasiojua adabu za elimu, kwani cheti ni haja ya mtu asiyejulikana, ilhali mimi najulikana kuanzia stendi hadi sokoni, na kompyuta nilizozifungua kwa mikono yangu hii ni nyingi mno, nyingi kupita zile nilizozifunga. Tena mji huu, mkumbuke, ndio uliowafunza wapiganaji wa FRELIMO chini ya Samora Machel hata Mreno akafungasha virago Msumbiji. Haielekei ushindwe na kasha la bati lenye feni tatu.

Kadhia yenyewe ni hii. Kijana mmoja wa hapa, mwenye banda la gemu nyuma ya soko, aliagiza kutoka Kariakoo kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, yenye kadi ya picha ya kutisha na taa za rangi zote, ikapakiwa basini, ikapokelewa kwa vifijo. Ikiachwa ipige muziki tu, hukaa kutwa bila ya dosari. Ikipewa mpira au mashindano ya magari, kioo hugeuka cheusi ghafla, feni hunyamaza kidogo, halafu mashine huanza kujiwasha upya tangu mwanzo, na wateja hudai hela yao kwa sauti. Kijana akaita mafundi, na mafundi hao, kwa kuwa si mimi niliyeitwa kwanza, wakagawanyika madhehebu mawili.

Madhehebu ya Nachingwea husema ni joto. Hoja yao si batili moja kwa moja, maana ni kweli kwamba prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza mwendo, na joto likizidi hapo hujizima ili zisiungue. Na ni kweli vilevile kwamba ile pesti ipakwayo baina ya prosesa na chuma chake cha kupozea, ikizeeka, hukauka isipitishe joto ipasavyo. Basi wakabandua ubavu wa kasha, wakapangusa, wakapaka pesti mpya, wakaielekezea feni ya mezani, wakafungua programu ya kupima joto. Na mashine ikazima mbele ya macho yao nyuzi zikiwa hazijafika hata 70. Hapo watu wenye insafu wangenyamaza. Wao walitangaza kwamba kipimo ndicho chenye homa.

Madhehebu ya Ruangwa husema ni kinywe. Ardhi ya Ruangwa, kama mjuavyo, ina utajiri wa madini hayo, na kinywe hupitisha umeme, kwa hiyo vumbi lake likitanda juu ya madabodi laweza kuunganisha njia ambazo haziruhusiwi kukutana. Elimu hiyo ni sahihi tupu. Taksiri yake ni moja tu, kwamba kompyuta ya kijana haijawahi kukanyaga Ruangwa, na walipoulizwa vumbi limefikaje, mkubwa wao alijibu neno moja: upepo. Mimi niliwavunja kwa hoja ambayo hawajaipatia jawabu mpaka leo: kinywe hicho hicho, kikifanywa karatasi nyembamba, hutiwa ndani ya simu ili kutawanya joto, sasa muuaji na tabibu wawaje mtu mmoja?

Lakini madhehebu yote mawili yalighafilika na salfa, nami siwezi kughafilika, kwa kuwa shamba la mikorosho la jirani yangu limepakana na dirisha langu. Kila kiangazi mikorosho ichanuapo, wakulima wetu hupulizia unga wa salfa kuzuia ubwiri unga, na unga ule haubagui baina ya ua la mkorosho na banda la gemu. Salfa na shaba hazipatani, na fedha ikikutana nayo husawijika. Meno ya rami, kwa bahati, aghalabu hupakwa dhahabu, na dhahabu haishughuliki na salfa. Hata hivyo uchafu hukaa juu yake. Fundi wa kweli, basi, huzima kompyuta, huchomoa waya ukutani, hubonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliosalia ndani uishe, hugusa chuma cha kasha ili mwili wake usibaki na umeme tuli, ndipo huachia vishikizo, huitoa rami kwa ncha za vidole, huyasugua meno yake taratibu kwa raba nyeupe ya mwanafunzi, hupangusa chembe za raba kwa brashi laini, wala hapulizi kwa mdomo, maana mdomo una mate. Kisha huirudisha akikandamiza ncha zote mbili mpaka asikie “tak” upande huu na “tak” upande ule. Asikiaye “tak” moja amejidanganya.

Kijana alifanya hayo yote, tena akaiacha Memtest, programu ya kupima rami itumikayo tangu 1994, ifanye kazi usiku kucha, na asubuhi haikuwa imeandika kosa hata moja. Jioni, kwenye mechi ya kwanza, mashine ikazima. Jambo hilo halinipunguzii kitu, kwa sababu kumtangaza asiye na hatia nako ni kazi ya kadhi.

Sasa niipandishe hotuba mahali panapostahili hadhi yangu. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, wahudumu wa kompyuta iitwayo Mark II walimkuta nondo, mdudu mwenye mbawa, amenaswa ndani ya relei, wakambandika kwenye daftari la kazi kwa utepe, na daftari hilo likaishia katika makumbusho ya Smithsonian. Desemba ya mwaka huo huo, katika maabara za Bell, transista ya kwanza ilionyeshwa ikifanya kazi, ile ambayo leo hujazwa kwa mabilioni ndani ya kadi moja ya picha. Na mwaka gani Waingereza walianza Mpango wao wa Karanga hapa Tanganyika, mpango uliokuja kuifanya Nachingwea ijulikane hadi Bunge la London? Ni 1947! Mdudu, transista na karanga, vyote mwaka mmoja; asiyeona uhusiano wake asinilaumu mimi, ayalaumu macho yake.

Mpango ule, kwa faida ya vijana, ulikuwa wa serikali ya Attlee, chini ya waziri wa chakula John Strachey, na ulikusudia kufyeka mamilioni ya ekari ili Mwingereza apate mafuta ya kula baada ya vita. Wakanunua matrekta yaliyochoshwa na vita, na mengine wakayaunda kutokana na vifaru vya Sherman. Wakaanza kutandika reli kutoka pwani hadi hapa. Bandari ya Mtwara ikaanza kujengwa kwa ajili ya karanga zilizokuwa bado hazijaota. Udongo haukupimwa sawasawa, mvua haikuhesabiwa sawasawa. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, takriban pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda na maji, na reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee wetu waliona chuma kikija na wakaona chuma kikiondoka. Walinunua kabla ya kupima, mabibi na mabwana! Walinunua kabla ya kupima! Ujahili huo naulaani hadharani.

Nilipokwisha kuulaani, nilimwandikia kijana orodha ya vitu vya kununua: kadi mpya ya picha, madabodi mpya, rami mpya, na kasha jipya kwa kuwa la zamani halikunipendeza. Nikamwamuru pia asasishe BIOS, nikimkumbusha kwamba mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kuwa prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikidai volti kupita kiasi hata zikachakaa kabla ya wakati, ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Kijana akanijibu kwa adabu, “Shikamoo mwalimu, lakini yangu ni ya kizazi cha 4.” Nikamwambia tahadhari haina kizazi.

Akanionyesha vilevile kumbukumbu za Windows, zilizojaa tukio namba 41. Wapo wanaodhani 41 ni jina la ugonjwa. La hasha. Namba hiyo husema tu kwamba mashine iliwaka bila ya kuwa imezimwa kwa utaratibu; haisemi aliyeizima ni nani.

Ni wakati huo ambapo mama mmoja muuza maandazi, ambaye hakualikwa na ambaye bado amesimama pale mlangoni, alitia neno. “Fundi, samahani,” alisema, “mbona hicho kidude chenu hukata kila mashine ya kusaga ikiwashwa? Hata taa yangu hufifia.” Watu wakacheka, nami nikawaacha wacheke, kisha nikayatwaa maneno yake na kuyavika nguo za kitaaluma, nikayafanya nadharia ambayo sasa inaitwa kwa jina langu.

Nadharia ndiyo hii. Mota kubwa ya kusaga, inapoanza kuzunguka, hudai umeme mara 5, 6, hata 7 ya ule itakaoutumia ikishatulia, na kama nyaya ni ndefu na nyembamba, volti 230 za mtaa mzima huzama kwa nukta moja. Pawa saplai nzima ina kapasita yenye akiba ya kuvusha kompyuta kwenye pengo la takriban milisekunde 16. Lakini akiba hiyo huliwa kwa kadiri ya kazi: mashine ikipiga muziki huinywa polepole, ndiyo maana haizimi; ikicheza mpira, kadi ya picha huifyonza kwa pupa, na kabla pengo halijapita, kisima kimekauka. Niliitoa pawa saplai ya kijana nikaipima mkononi. Kibandiko kilisema wati 600, uzito ulisema ni uongo: ilikuwa nyepesi kupita kiasi, na ndani, kwa kuchungulia kupitia matundu ya feni, kapasita yake kuu ilikuwa ndogo, kichwa chake kimevimba. Msiifungue ya kwenu kuchungulia kwa karibu. Kapasita huweza kubaki na umeme wa kuua hata waya ukiwa umechomolewa.

Kijana, ambaye hakuwa na hela ya orodha yangu, akaazima pawa saplai nzito ya rafiki yake wa Ruangwa, akaifunga, akawasha mpira saa ambayo foleni ya mahindi ilikuwa imefika barabarani. Mashine ya kusaga ikanguruma, taa ikafifia, mechi ikaendelea. Orodha yangu haijatenguliwa, imeahirishwa. Naye akipata UPS yenye wati za kutosha, hata umeme ukikatika kabisa ataweza kumaliza dakika zake na kuzima kwa heshima.

Limebaki suala la malipo, na hapa naomba utulivu zaidi. Wengi wenu mna desturi ya kuniambia, “Nitakulipa baada ya mnada.” Stakabadhi ghalani ni mfumo wa korosho, wala siupingi, lakini elimu yangu haiwekwi ghalani ikingoja mnunuzi wa ng'ambo. Ushauri hulipiwa papo hapo, kazi ya kufungua kompyuta ina bei yake, na kazi ya kuifunga hujadiliwa peke yake. Maswali sitayapokea, kwa sababu yote nimekwisha kuyajibu. Mtawanyike kwa amani, ila yule mama wa maandazi anisubiri: kesho nimeitwa Ruangwa kwa mgonjwa mwingine, nami nataka anieleze kama huko nako kuna mashine ya kusaga, na huwashwa saa ngapi.