Shemeji na Wadai Wake

Kutoka geti kuu la Makerere hadi taa za barabarani za Wandegeya ni mteremko mtupu. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa akiumaliza kwa nusu saa. Barabara ya Makerere Hill ilikuwa na muuza rolex anayemdai chapati na mayai ya muhula mzima. Kwenye kijiwe cha bodaboda walimdai karibu wote. Upande wa soko, barabara ya Haji Musa Kasule, alikaa mama wa matooke, na mama yule hakujua kunong'ona. Basi shemeji alikata kushoto, akatumbukia bonde la Katanga, akaibukia upande wa Mulago akiwa na tope hadi magotini. Ukimuuliza, anafanya mazoezi.

Madeni yenyewe hayakuwa na siri. Mkeka wa kubeti ukichanika, anakopa. Mkeka ukitiki, anawanunulia kijiwe kizima kuku choma na chipsi, kisha asubuhi anakopa nauli. Nami simlaumu sana kwa kuku. Moshi wa Wandegeya ukianza jioni, hata mfungaji wa sunna hutafuta njia nyingine.

Mdai mkubwa alikuwa mkopeshaji mmoja mwenye meza moja na droo moja, na ndani ya droo kitambulisho cha taifa cha shemeji. Sheria ya Uganda ya 2016 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na kanuni zake zinakataza kushika kitambulisho cha mtu kama dhamana. Nikamwambia twende tukakidai. Akanishika mkono.

"Shemeji, tafadhali kiache. Kikitoka humo nitakopa kwingine. Bila kitambulisho hata laini ya simu siuziwi."

Wachumi wengi wa hapo mlimani nimewasikia, lakini hoja iliyonyooka hivyo nilikuwa bado. Tena alikuwa amevaa ndala za dada yake.

Dada mtu ndiye aliyeleta daftari. Akamwandikisha kila anayemdai na mahali anaposhinda, kisha akamtafutia kazi katika duka la kuchapa na kujalidi tasnifu, biashara ambayo haijawahi kukosa wateja Wandegeya. Mshahara ukawa unaingia kwenye simu. Hapo ndipo kodi ilipomsaidia. Julai 2018 serikali ilianza kukata asilimia 1 kwenye miamala ya simu, watu wakapiga kelele, na Novemba mwaka huohuo ikashushwa hadi nusu asilimia, ya kutoa pesa tu. Kampala nzima hunung'unika. Shemeji akaona mwanga: akituma moja kwa moja kwa anayemdai, yeye kodi hiyo haimgusi. Atakayekatwa ni mdai.

Mama wa matooke aliligundua siku hiyohiyo, na soko zima likasikia.

"Ssebo! Na ya kutolea iko wapi?"

Kulipa, kwa kweli, hakukumsumbua kama nilivyodhani. Kilichomsumbua ni kuaminika. Muuza rolex alipopokea salio la mwisho alimfungia nyingine papo hapo: "Kula tu, ssebo, utalipa kesho." Vijana wa boda wakaanza kumpigia honi wampeleke kwa mkopo. Mkopeshaji alimrudishia kitambulisho kwa mikono miwili, pamoja na fomu mpya, tena kiwango cha juu zaidi kwa kuwa sasa yeye ni mteja mwema. Miezi yote ya aibu hakuna aliyemjaribu hivyo. Jioni ile alirudi na tope magotini. Safari hii aliwakimbia wanaotaka kumkopesha.

Mkeka? Nasikia bado anatazama mpira, lakini kitambulisho sasa kinakaa kwenye kabati la dada yake, na ufunguo hata mimi sijaonyeshwa.

Katika daftari wamebaki wawili wasiojulikana waliko: aliyemwazima godoro, na kijana wa boda aliyehamia Kubiri. Kama ni wewe, pita dukani. Pesa yako ipo, ila ya kutolea utajitegemea.