Nane Juu ya Kumi

Waswahili tumesifu mnazi, tumesifu jahazi, tumesifu wali na mchuzi wake, na harusini tunamsifu hata bwana harusi tusiyemjua. Lakini mpaka leo sijasikia mtu amesimama mbele ya watu kumsifu yule aliyetazama filamu jana usiku, na asubuhi hii, kabla hujatia sukari kwenye chai, keshaipa maksi. Huu ni utovu wa shukrani, nami kwa uchache wa elimu yangu nimejitolea kuufuta.

Mnamjua. Yumo kwenye daladala, kiti cha nyuma, anamsimulia jirani yake muvi ya Kikorea kwa sauti inayomfikia dereva. Yumo saluni, kafungwa shuka shingoni, na kinyozi ameshika mashine hewani akingoja kujua kama yule dada alilipiza kisasi. Yumo msibani, nyuma ya turubai, kule wanakocheza karata. Kwangu mimi yumo sebuleni, maana ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na mtu akishakuwa shemeji huwezi kumfukuza wala kumzimia televisheni.

Fadhila zake ni nyingi, na nyingine nazipitia mbiombio. Ni mkarimu: maoni yake hungoji kuyaomba. Ana muhtasari: filamu ya saa tatu anaimaliza kwa "kali hiyo, itafute." Anakuokolea bando, kwa kuwa akishakusimulia huna tena haja ya kutazama. Hana ubaguzi: Mnaijeria, Mhindi, Mchina wa kung fu, Bongo muvi, wote anawapima kwa mizani ile ile, na mizani yenyewe ina alama moja tu, nane.

Nane hii inastahili kutazamwa kidogo. Kumi hatoi, maana atakayetoa kumi ataulizwa sababu. Tisa ni ya mtu aliyehongwa. Saba ni tusi. Ukisikia muvi imepewa saba, ujue steringi alikufa mapema au mtafsiri alikuwa mbovu. Kutoka sita kushuka chini hakuishi mtu. Kuna filamu aliyoilalamikia wiki nzima, kwamba imempotezea muda, kwamba waigizaji hawajui hata kulia. Nilipombana aipe maksi alifikiri, akakuna kidevu, akasema, "Ukweli usemwe, shemeji, nane siwezi kuipa. Wape saba na nusu."

Lakini fadhila yake kuu, ile ambayo ningekuwa na kipaji ningeitungia utenzi wa beti mia, ni kwamba maoni yake hayaitegemei filamu hata kidogo.

Mfikirieni hakimu. Tunamtaka asiwe na undugu na mshtakiwa, asile naye, asipokee bahasha yake, ikiwezekana asimjue kabisa. Shemeji ameifikisha kanuni hii mahali ambapo mahakama zetu hazijafika: mshtakiwa hamjui kwa sababu hakumwona. Mtu aliyekaa akatazama picha tangu mwanzo hadi mwisho keshaharibika. Imemchekesha, imemliza, imemkalisha saa mbili kitini. Wamekula chumvi pamoja. Ataihukumuje kwa haki? Shemeji hana deni hilo. Dakika za mwanzo zinapita akitafuta rimoti aliyoikalia. Majina yakianza kutokea anakumbuka chaja. Steringi anapopigwa na kutupwa mtoni akidhaniwa amekufa, yeye yuko nje anazungumza na mtu kwa simu kuhusu kiwanja cha Chanika. Akirudi anauliza, "Huyu nani?" Anajibiwa. Jibu halisikii, maana keshaanza kutazama kwenye simu vipande vya filamu nyingine, ambayo nayo ataipa nane. Kisha usingizi unamchukua, na hapo uhuru wake unakamilika: haoni, hasikii, hahongeki. LUKU ikiisha katikati, sisi wengine tunabaki gizani na nusu ya hadithi na maswali kibao. Yeye hana pengo lolote. Maksi zilikuwa tayari tangu alipoona kava.

Na bado, kwa kipaji ambacho sijapata wa kunieleza, huamka dakika za mwisho. Kila mara. Hakuna anayemgusa, hakuna kelele ya ziada. Jicho moja linafumbuka lenyewe. Kwa hiyo shemeji anajua mwisho wa kila filamu iliyowahi kupita sebuleni kwangu, na ya katikati hana habari nayo.

Siku moja nilikuwa nawaonyesha wanangu Sholay, picha ya mwaka 1975 ya Ramesh Sippy: saa tatu na ushee, wahalifu wawili wenye roho nzuri, Jai na Veeru, wamekodiwa na Thakur asiye na mikono wamkamate jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Nilidhani watoto watakimbia baada ya wimbo wa kwanza. Hawakukimbia. Binti yangu alimpenda Jai, yule mrefu, Amitabh Bachchan, anayepuliza kinanda cha mdomo jioni na ambaye kila jambo gumu analiamua kwa kurusha sarafu. Mtoto alikaa sakafuni, magoti kifuani, na kila sarafu iliporuka naye alibana pumzi. Tukafika pale darajani, Jai amejeruhiwa, risasi zinakwisha, sarafu inarushwa iamue nani abaki. Kochini, jicho moja likafumbuka.

"Huyo mrefu anakufa," shemeji akasema. "Na hiyo sarafu ina kichwa pande zote mbili. Kali sana hii."

Akageukia ukutani.

Hapa naomba niziweke sifa pembeni kidogo. Kwa nini lakini? Salim na Javed, walioandika hadithi ile, wameificha siri ya sarafu tangu mwanzo ili ikufikie dakika ile na si nyingine. Mtoto ameingoja saa tatu bila kujua kwamba anaingoja. Halafu mtu mzima, mwenye ndevu, aliyeshiba ugali wangu, anaimwaga akiwa amelala! Wala hakuulizwa! Binti alinitazama mimi, si yeye, kana kwamba ni mimi niliyemleta mtu huyu ndani ya nyumba. Nikamtazama mama yake. Mama yake akasema, "Si mmesikia, mjomba kasema kali."

Basi. Nimetulia. Tuendelee na sifa.

Haki inanilazimisha kusema kwamba Sholay yenyewe inaishi kwa hisani ya akina shemeji. Ilipotoka Agosti 1975 waandishi walioitolea maoni wengi hawakuipenda, na magazeti ya biashara ya filamu yalianza kuizika mapema. Waliotoka kumbini ndio waliokataa mazishi. Walirudi mtaani wakasema kali hiyo, itafuteni. Wakaenda tena, na tena, mpaka maneno ya Gabbar wakayakariri kwa moyo. Na ukumbi wa Minerva kule Bombay ukaionyesha zaidi ya miaka mitano. Hakuna aliyewauliza wametumia vigezo gani.

Kulikuwa na mtazamaji mwingine pia, huyu mwenye muhuri. Sippy alikuwa amepiga mwisho ambamo Thakur anamuua Gabbar kwa miguu, kwa viatu vyenye misumari. India wakati huo ilikuwa chini ya amri ya hali ya hatari, na bodi ya ukaguzi ikaona haifai Thakur, ambaye ni polisi wa zamani, ajichukulie sheria mkononi. (Kwamba mikono yenyewe hana, nadhani halikujadiliwa.) Mwisho ukapigwa upya: polisi wanatokea kwa wakati, Thakur anazuiwa, Gabbar anakamatwa, na ndio uliopelekwa kumbini. Jirani zetu Wakenya walipata kisa chao cha namna hiyo mwaka 2018. Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi kwenye tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku na bodi ya nyumbani, na mwongozaji mwenyewe alieleza kuwa alitakiwa abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Mahakama ikairuhusu kwa siku saba, na watu wakajaa ukumbini Nairobi. Mimi na bodi hizi hatutaelewana, lakini nazivulia kofia kwa jambo moja: zilitazama mpaka mwisho. Mwisho ndio uliowaudhi.

Na hilo la kuhukumu bila kutazama ndilo linalonikera tangu nishike kalamu. Shemeji halipwi. Amelala kwenye kochi, si kwenye ofisi. Fadhila yake ya kutoitegemea filamu ingebaki sebuleni kwangu isingemdhuru mtu ila binti yangu. Lakini imepanda ngazi, imevaa tai.

Tangu filamu Girlfriend ya mwaka 2003 ionyeshe kwamba muvi ya Kiswahili inauzika, biashara ya kanda na baadaye ya sidii ilikua Kariakoo kwa kasi, na wanunuzi wa kazi zile walijifunza haraka kutazama kava: nani yumo, amevaa nini, analia au anacheka. Jina kubwa likiwamo, mzigo umenunuliwa. Hadithi moja ikakatwa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kwa kuwa sidii mbili ni bei ya sidii mbili, na urefu ukatafutwa popote ulipo. Ndiyo maana mtu anapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, geti linafungwa, mtu anashuka, anapanda ngazi, anakaa, dada wa kazi anamletea juisi, anainywa, na hapo ndipo anapouliza, "Kwani kuna nini?" Ukilalamika unajibiwa kwamba wananchi wanapenda. Wananchi hao ni shemeji. Nane aliyoitoa usingizini imegeuzwa risiti ya duka.

Ukifungua gazeti kumtafuta mtu aliyelipwa kutazama akuambie kilichomo ndani, utaambiwa msanii kaachana na nani na sasa yuko na nani. Filamu ikizinduliwa, habari inanyofolewa kwenye karatasi iliyogawiwa mlangoni. Mwandishi amekula sambusa, amepiga picha na steringi, ameondoka taa hazijazimwa. Shemeji angalau alikuwa chumba kimoja na televisheni. Tuzo nazo zikaona tabu ya nini, zikawaachia watu kura za SMS, na msanii aliyetakiwa kupigwa msasa akawa anaomba kura kituo hadi kituo kama diwani. Atakayeshinda ni mwenye ndugu wengi wenye salio.

Zile zenye majaji ndizo nilizozitegemea, mpaka nilipokaa meza moja na jaji baada ya sherehe. Jina lake nalihifadhi. Suti safi, beji bado inaning'inia shingoni, mchangamfu kiasi kwamba nilishindwa kumchukia. Kazi zilikuwa nyingi, aliniambia, na mtu ana familia. Nyingine alitazama trela. Nyingine aliwajua waliozitengeneza, vijana wazuri. Moja ni ya mtoto wa mzee anayemheshimu. Alipomaliza kunihesabia hayo alisogeza kiti karibu, akapunguza sauti. Kesho asubuhi alikuwa na mahojiano redioni kuhusu ile iliyoshinda, na watangazaji wa siku hizi wadadisi, mmoja anaweza kumuuliza inaishaje. Mimi je, nimeitazama?

Nilikuwa nimeitazama, yote, kwa hiyo sikufaa kuwa shahidi. Nikatoa simu nikamtumia namba ya shemeji.