Siku 730 za Kumfuata Mke

Mjomba aliposikia nina siku 730 za kutimiza Kanada, alitua kikombe cha kahawa akauliza kosa lenyewe lilikuwa nini, na kama dhamana imeshindikana.

Nikamweleza kwamba si kifungo. Mwenye ukaazi wa kudumu Kanada anatakiwa awe amekaa huko angalau siku 730 katika kila miaka 5, la sivyo anaweza kuupoteza. Wana ukarimu katika hesabu yao: kipande cha siku ni siku nzima. Usiku tulipotua Toronto, ikiwa imebaki nusu saa kufika saa sita, mke wangu alinikuta natabasamu peke yangu kwenye foleni. “Ya leo imeingia,” nikamwambia. Akadhani ni uchovu wa safari.

Huko Edmonton nilikusanya siku 412, nyingi zake nikiwa dirishani naikodolea macho theluji. Ndipo mke wangu, raia wa kule kwa kuzaliwa, akapata kazi ya mkataba wa miaka miwili. Wapi? Tanga. Kwetu! Nusura nichinje mbuzi, nikazikumbuka siku 318 zilizobaki.

Bahati nzuri sheria yao ina mlango wa uani. Siku unazokaa nje na mwenzi wako aliye raia huhesabiwa kama umezikaa Kanada. Kwa hiyo nikinywa supu ya pweza Ngamiani, mke wangu kando, kwa hesabu za serikali niko Kanada, jasho linanitiririka. Wakili alisema tukiwa tunaishi pamoja kwa kawaida, safari fupi ya mmoja wetu haina neno. Lakini woga haumsikilizi wakili. Mke wangu alipoitwa semina ya siku 4 Dar es Salaam, nilipanda naye basi, nikashinda kwenye kiti cha mapokezi ya hoteli kama begi lake la pili. Siku ya tatu mlinzi alinisogezea chai. Nadhani alidhani mimi ni dereva wa mtu mkubwa, na kwa namna fulani hakukosea sana.

Kilichonitia homa ni neno la mwisho la wakili. “Kaka, afisa wa uhamiaji anaweza kuuliza nani kamfuata nani. Tanga ni kwenu wewe. Ataona umemtoa binti wa watu kwao ukamleta kwa mama yako. Onyesha kwamba wewe ndiye uliyemfuata.”

Ukitaka kujua uzito wa shauri hilo, jaribu kulisema barazani. Mimi nililisema mara moja. Kahawa ilipoa, mzee mmoja akanishika bega akanipa pole, kisha akauliza kama mama anajua.

Nikaanza kusaka ushahidi. Mwenye nyumba aliombwa atangulize jina la mke wangu kwenye mkataba. Akaandika huku ananitazama kwa huruma, na kodi ya mwezi ule hakunisumbua. Risiti za umeme wa LUKU zilikuwa na jina la marehemu baba wa mwenye nyumba, ambaye sikuona pa kumwingiza kwenye maombi yangu. Ikabidi niende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuomba barua.

Mwenyekiti wetu anaipenda kalamu yake. Nilimwomba mistari miwili: kwamba tunaishi pamoja, na kwamba tulikuja kwa ajili ya kazi ya mke wangu. Akasema, “Niachie mimi, mwanangu, watu wa Ulaya nawajua.” Kanada na Ulaya kwake ni kata moja. Kesho yake nikapewa barua yenye mihuri miwili, inayosema kuwa ofisi yake inathibitisha ndugu huyu humfuata mkewe popote aendapo, asubuhi na jioni, sokoni na hata vikao vya akina mama, jambo ambalo mtaa mzima unalijua na umekwisha kulizoea.

Nakala ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi. Kwa kumbukumbu, alisema.

Barua za Kiswahili Wakanada hawazipokei bila tafsiri, nikaipeleka kwa mfasiri. Jioni akapiga simu.

“Samahani, kaka. Huku kumfuata mkeo popote aendapo, ni kwa mapenzi au kwa kumnyemelea? Nauliza kwa sababu neno la pili kule Kanada ni kosa la jinai.”

Nikamwomba asubiri nimuulize mwenyewe. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa mlangoni, kikapu mkononi, anakwenda sokoni.

“Nitakupigia,” nikamwambia mfasiri, huku natafuta ndara zangu.