Barua ya Wazi kwa Wizara ya Elimu ya Ufilipino

Wizara ya Elimu,
Pasig, Metro Manila,
UFILIPINO.

YAH: MAOMBI YA KUJA KUJIFUNZA NAMNA YA KUBADILI LUGHA YA KUFUNDISHIA BILA KUMSUMBUA MTOTO KWA MASWALI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi na mlipakodi wa Tanzania, nchi yenye uzoefu mkubwa wa kukalia vikao vya lugha ya kufundishia. Kwa heshima na taadhima nawapa hongera. Sisi jambo hili tumelijadili tangu nikiwa mtoto na sekondari bado ziko palepale. Ninyi mmegeuza, mkageuza tena, mkarudi mlikotoka, na karani wenu wa nyaraka hajawahi kukosa kazi.

Nimesoma historia yenu kwa wivu. Januari 1901 Wamarekani, waliokuwa wamewapata ninyi kutoka kwa Hispania kwa dola milioni 20, walipitisha Sheria Namba 74: shule zifundishe kwa Kiingereza. Agosti mwaka huohuo meli iitwayo Thomas ikatia nanga Manila na walimu wapatao 500. Hakuna aliyewauliza wale walimu kama wanajua Kisebuano, Kiilokano au Kiwaray. Walishuka, wakafungua vitabu, kazi ikaanza.

Mwaka 1974 mkaleta sera ya lugha mbili. Hii naomba nielezwe taratibu tukija, maana ni kazi ya akili nyingi. Hisabati na sayansi zikawa kwa Kiingereza. Maarifa ya jamii, afya na mazoezi ya viungo yakawa kwa Kipilipino (leo Kifilipino), lugha ya taifa iliyojengwa juu ya Kitagalog. Kwa hiyo mtoto aliruka kamba kwa lugha ya taifa, ila akitaka kujua ameruka mara ngapi ilibidi avuke aingie Kiingereza. Mwaka 2003 Rais Gloria Macapagal Arroyo akaona Kiingereza kinaonewa, akatoa amri kipewe walau asilimia 70 ya muda wa masomo ya sekondari. Miaka sita tu baadaye, 2009, Wizara yenu ikatoa waraka wa kurudisha lugha za nyumbani kwa watoto wadogo. Waraka huo ulikuwa Namba 74. Sheria Namba 74, sera ya mwaka 74, Waraka Namba 74! Huku kwetu vijana wangeshaiweka namba hiyo kwenye mkeka wa kubeti.

Mpango wa lugha za nyumbani ukaanza mashuleni 2012 kwa lugha 12, baadaye zikawa 19, katika nchi yenye lugha zaidi ya 170. Mwaka 2013 mkauwekea sheria. Mtoto wa Iloilo akawa anahesabiwa mayai kwa Kihiligaynon, na wa Samar anaulizwa kwa Kiwaray mbwa amekwenda wapi, na kwa mshangao wa wote akawa anajibu. Hali hiyo ya hatari ilidumu kama miaka kumi na kitu. Tarehe 10 Oktoba 2024 ikaja Sheria Namba 12027 kuikomesha kuanzia chekechea hadi darasa la tatu: turudi kwenye Kifilipino na Kiingereza, lugha nyingine zibaki za kusaidia. Na kilichonifurahisha zaidi ni namna ilivyopita. Rais hakutia saini, wala hakuukataa muswada. Siku zikapita, ukajigeuza sheria wenyewe. Jambo la mamilioni ya watoto likaamuliwa na kalenda!

Najua mtasema hamkuzifukuza kabisa lugha za nyumbani. Kweli, sheria imeacha mlango. Darasa likiwa na watoto wa lugha moja watupu, lugha hiyo inaweza kutumika, mradi iwe na tahajia rasmi iliyochapishwa, msamiati ulioandikwa rasmi, maandiko juu ya lugha na utamaduni wake, kitabu cha sarufi, na walimu wanaoizungumza waliofunzwa kuifundishia. Masharti mazuri sana. Nashauri yatumike kwa usawa: Kiingereza nacho kisiingie darasani Samar mpaka apatikane mwalimu anayekizungumza nyumbani kwake, na mpaka watoto wote darasani wawe wanakizungumza. Nadhani tungepata likizo ndefu.

Kuhusu takwimu, hapo ndipo tunapowahitaji kabisa. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa 2018 vijana wenu wa miaka 15 walipata wastani wa alama 340 katika kusoma, wa mwisho kati ya nchi na maeneo 79. Mtihani waliufanya kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawaiongei nyumbani. Mtu mwenye roho mbaya angeweza kupiga hesabu: kijana wa miaka 15 mwaka 2018 aliingia darasa la kwanza kabla ya 2012, yaani kabla mpango wa lugha ya mama haujamfikia. Amefeli kwa mfumo wa zamani, uleule ambao sasa umerudishwa ili uje umwokoe mdogo wake. Nawasihi mtu huyo asipewe kikokotoo.

Ripoti mnazo, tena za zamani kuliko zetu. Mwaka 1925 tume ya Paul Monroe iliwapima wanafunzi wenu, ikakuta wako nyuma mno katika kusoma Kiingereza na kwamba wengi wanaacha shule mapema. Kiingereza kikaendelea. Kisha Iloilo, kuanzia 1948, wakafanya jaribio la kufundisha madarasa ya mwanzo kwa Kihiligaynon, likaleta matokeo mazuri. Mkalifuata kwa muda, kisha kabatini. Sisi tuna Tume ya Makweta ya 1982, iliyopendekeza sekondari zetu zianze Kiswahili 1985. Tukaishukuru tume, tukaipa chai. Mwaka 1984 wakaja wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakapima, wakakuta wanafunzi wa sekondari hawakimudu Kiingereza wanachofundishiwa, wakapendekeza kiendelee kufundishia. Sera yetu ya 2014 ndiyo iliyomaliza ubishi wote: ilisema Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote za elimu, na Kiingereza nacho kiimarishwe katika kufundishia ngazi zote. Anayelalamika atafute ukurasa wake.

Kwetu mambo huenda hivi. Mwalimu wa kidato cha kwanza anaandika ubaoni, kwa Kiingereza, maana ya usanisinuru, mistari minne. Watoto wananakili. Mmoja ameruka neno, sentensi haina tena kichwa wala miguu, haimsumbui. Mwalimu anatupa jicho mlangoni, anashusha sauti: "Yaani jani linajipikia chakula, jua ndiyo moto wake." Vichwa vinainuka. Mkono mmoja unanyooshwa, mtoto anauliza usiku jani linakula nini. Swali la maana kuliko yote siku hiyo, na limeulizwa kwa lugha iliyopigwa marufuku kwenye kibao cha bati pale getini. Kisha mwalimu anapandisha sauti, anarudi Kiingereza, anauliza kama wako pamoja. "Yeees, madamu!" Nimeambiwa kwenu pia walimu hufanya hivihivi, na kuitikia kwa pamoja mnakujua. Basi tumekwisha kuwa ndugu.

Wazazi msiwaogope, watawaunga mkono. Mimi nawajua, mimi ni mmoja wao. Huku mtu anakopa VICOBA ili mwanawe atoke shule ya Kayumba, yaani ya serikali, aende akaimbe kimombo akiwa na miaka minne, na akirudi na wimbo jirani wote wanaitwa kusikiliza. Kwenu hofu hiyo ina sura ya ajira: meli, hospitali za Ghuba, vituo vya simu vinavyoajiri watu zaidi ya milioni. Sina ubishi na mshahara. Nastaajabia tu jinsi mnavyowahi. Mtoto wa Samar hajajua kuandika jina lake, lakini taifa limeshamwona amekaa usiku wa manane na vipokea sauti masikioni, akimbembeleza mteja wa Texas aliyesahau paswedi. Ili aje kumwelewa mteja huyo, kwanza asimwelewe mwalimu.

Na wanaotetea Kifilipino wasidhani nimewasahau. Ugomvi wenu wa Kiingereza au Kifilipino unapendeza Manila. Kule Cebu, ambako Kitagalog huonekana mali ya wakubwa wa mji mkuu, mtoto anachaguliwa mgeni yupi kati ya wawili amlee. Nasema hili kwa sauti ya chini, maana huku kwetu tunaojisifu kwa Kiswahili kuna mtoto wa Loliondo aliyekulia Kimaasai, na siku yake ya kwanza shuleni hatumuulizi kitu.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ombi langu ni moja. Sheria ya lugha ikirudi tena Bungeni, na kwa kasi yenu haitachelewa, Seneti ijadili muswada mzima kwa Kiwaray. Wakalimani wasiwepo. Atakayekosea sarufi atozwe faini, atakayenyamaza aandikwe mzito wa kuelewa, na mwishoni wafanye mtihani wa kuandika. Alama zibandikwe mlangoni pa ukumbi, majina yote, mpaka wa mwisho.

Nikipata mwaliko, nauli nitajitegemea.

Wenu katika ujenzi wa kabati la ripoti,

Mzazi, Tanzania

Nakala: Wizara yetu, Dodoma – kwa taarifa tu, si kwa utekelezaji.