Sifa za Kuvu wa Mahindi

Aspergillus flavus, kuvu wa kijani-manjano anayeota kwenye mahindi na karanga, ni fundi asiyepewa heshima yake. Hana tanuri wala maabara. Gunia la mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka linamtosha. Humo hutengeneza sumukuvu iitwayo aflatoksini B1, inayosababisha saratani ya ini.

Utaratibu wake ungewaaibisha watunza ghala wenyewe. Jeni za kazi hii, takriban 30, hazikutapakaa ovyo: zimejipanga bega kwa bega karibu na ncha ya kromosomu ya 3. Mnyapara wao ni jeni aflR. Protini yake hushika vianzio vya jeni nyingine na kuziamsha. AflR ikizimwa, kazi yote inalala.

Malighafi ni asetili-koenzaimu A, ambayo kila seli hai inayo. Kimeng'enya cha kwanza huunda mnyororo mfupi wa kaboni 6. Cha pili, PksA, huurefusha kaboni mbili mbili, mara saba, hadi zifike 20. Hapo hupatikana asidi ya nosoloriniki, yenye rangi ya chungwa iliyokolea. Kuvu mwenye jeni aflD mbovu hukwama papo hapo na kugeuka rangi, na kwa kukwama kwake wanasayansi waliisoma njia nzima. Mzima haridhiki na rangi: huongeza oksijeni, hukata pete, huziunga upya, hatua baada ya hatua, hadi sumu itimie.

Tena ni mkarimu, kwani hatua ya mwisho humwachia mlaji. Ini la binadamu, likijaribu kuisafisha sumu hiyo, huipachika oksijeni moja zaidi, nayo hunata kwenye guanini ya DNA na kuweza kuiharibu jeni p53, mlinzi dhidi ya saratani. Moto wa kusonga ugali hauiondoi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa.

Bidii hiyo yote haijamletea kazi ya kuajiriwa. Wanaotafutwa ni ndugu zake wavivu, ambao jeni zao za sumu zimeharibika au zimepotea. Aspergillus oryzae huchachusha mchuzi wa soya huko Japani. Nchini Kenya na Tanzania, A. flavus wasio na sumu hupakwa kwenye punje za mtama na kumwagwa shambani kwa jina la Aflasafe, wawahi kushika nafasi kabla fundi hajafika.