Tembea Tuione Pumzi: Vipimo 6 vya Wazee, Kuanzia Mkiani

Uwezo wa moyo na mapafu hupimwa kikamilifu maabarani: barakoa usoni, mashine ya kukimbilia miguuni, kompyuta ikihesabu oksijeni unayotumia kila dakika. Bibi wa miaka 78 mwenye goti bovu hahitaji mateso hayo. Mwendo wake mwenyewe unatupa makadirio mazuri. Haya, tuhesabu kurudi nyuma, na kukimbia ni marufuku!

6. Mita 4. Unatembea mwendo wako wa kawaida, mpimaji ameshika saa. Utafiti wa 2011 uliounganisha takwimu za wazee zaidi ya 34,000 ulionyesha kwamba wenye mwendo mwepesi waliishi muda mrefu zaidi. Tatizo ni kwamba kipimo hiki kinaisha hata salamu hazijaisha, pumzi haijapata kazi. Kikae mkiani.

5. Hatua za papo hapo, dakika 2. Unainua magoti ukiwa umesimama palepale, na goti la kulia ndilo linalohesabiwa. Ukiyumba, shika ukuta. Kilibuniwa na watafiti Rikli na Jones huko California. Hata sebule iliyojaa makochi si kisingizio tena.

4. Mita 400. Swali ni moja: utazimaliza ndani ya dakika 15 bila kukaa? Ndivyo walivyopimwa watu wa miaka 70 hadi 89 katika utafiti wa Marekani uliotolewa 2014, na waliofanya mazoezi ya mpangilio, hasa kutembea, ndio waliodumu zaidi na uwezo huo. Fimbo ruksa, bega la mjukuu, hapana.

3. Mwendo wa mlio. Leicester, Uingereza, 1992: njia ya mita 10, koni mbili, na mlio unaokuambia ufike lini. Kila dakika kasi inapanda, na ukichelewa koni, umemaliza. Kinapima vizuri sana, ila mlio hauna heshima kwa wakubwa.

2. Maili moja. Ni mita 1,609 kwa mwendo wa haraka, kisha mapigo ya moyo yanahesabiwa papo hapo. Muda, mapigo, umri, uzito na jinsia vinaingizwa kwenye fomula ya 1987. Mwenda pole hajikwai, lakini hapa saa inamwona. Na kama unatumia dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, fomula itakusifia kuliko unavyostahili.

1. Dakika 6! Mfalme. Mwaka 1968 daktari Cooper alipima watu wa jeshi la anga la Marekani kwa dakika 12 za kukimbia. Mwaka 1976 zikawa dakika 12 za kutembea kwa wagonjwa wa mapafu, na 1982 zikapunguzwa kuwa 6. Huruma nayo ni sayansi.

Mtazame mzee kwenye korido ya mita 30. Amepumzika kitini kwanza, amevaa viatu vyake vya kila siku, mkongojo mkononi. Dakika ya 4 anaegemea ukuta, anavuta pumzi, anaendelea. Ni halali kabisa, ila saa haisimami. Mpimaji hatembei ubavuni asije akampangia mwendo. Kila dakika anasema maneno yaleyale ya kutia moyo, kwa sauti ileile. Wajukuu wenye vigelegele wasubiri nje, maana shangwe huongeza mita!

Maumivu ya kifua, kizunguzungu au jasho la ghafla: simama mara moja. Aliyepata shambulio la moyo ndani ya mwezi uliopita asipimwe kabisa.

Sasa mzee wangu, usijilinganishe na jirani. Andika mita ulizotembea leo kwa dakika 6, na baada ya miezi michache rudia kwenye korido ileile, kwa viatu vilevile. Zikipungua kama 30 hivi, nenda ukamwone daktari. Zikiongezeka 30, endelea na ulichokuwa ukifanya, kwa sababu kinafanya kazi.